Kumsafisha kinywa mzee asiyejiweza

Mzee wa kitandani huogeshwa, hulishwa, hubadilishwa shuka, na kinywa hukumbukwa kikianza kunuka. Kufikia hapo ukoga umeshajaa mdomoni, na vijidudu vyake haviishii kwenye meno. Mzee anayemeza kwa shida huvivuta pamoja na mate hadi mapafuni, na nimonia inayotokana na hapo huwaua wengi waliodhoofika. Kwa hiyo hata asiye na jino hata moja asafishwe ufizi, ulimi na kaakaa.

Andaa mswaki laini wa kichwa kidogo (wa mtoto unafaa sana), taulo, beseni dogo, kikombe cha maji, shashi, glavu na tochi ya simu. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Kwenye boksi tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 ppm (kipimo cha floraidi). Anayeweza kutema mwekee kiasi cha punje ya njegere. Asiyeweza kutema, paka kidogo tu juu ya brashi.

Kosa kubwa huwa kwenye mkao. Usimsafishe akiwa amelala chali, maana kila tone litateremka kooni na atapaliwa. Mwinue kwa mito kuanzia kiunoni, si kichwa peke yake, na kidevu kiinamie kifua kidogo. Akishindwa kukaa, mlaze ubavu, taulo na beseni chini ya shavu, mate yatoke yenyewe. Wewe kaa mbele yake usawa wa macho, umsalimie na umwambie unachotaka kufanya. Mzee anayeingiziwa kitu mdomoni bila kuambiwa atafunga meno, na ana haki.

Toa kwanza meno bandia. Kisha mulika ndani ya mashavu. Aliyepatwa na kiharusi hubakiwa na ugali au wali kwenye shavu lililopooza bila yeye kujua. Lowesha midomo, chovya mswaki, ukung'ute maji yote. Laza brashi kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, usugue kwa mizunguko midogo, meno mawili matatu kwa wakati. Anzia mbele ambako hashtuki, ndipo uende nyuma: nje, ndani, juu ya magego. Futa povu kwa shashi kila baada ya muda mfupi. Malizia na ulimi, bila kufika nyuma kabisa panapomchefua. Dakika mbili zinatosha. Akichoka, meno ya chini yasubiri baadaye. Asisukutue mwishoni, ateme tu au afutwe, ili floraidi ibaki kwenye meno. Hii ni mara mbili kwa siku. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ya usiku, kwa sababu akilala mate hupungua.

Damu ikitoka, wengi huacha kusugua, na hapo wanaharibu zaidi. Ufizi unatoka damu kwa kuvimba, na umevimba kwa sababu ya ukoga. Endelea taratibu; kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ila kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mfano warfarin, na damu haikatiki, mpeleke hospitali.

Aking'ata mswaki, usiuvute. Uachie, mpapase shavu, taya litalegea. Kidole chako kisiingie kati ya meno yake hata siku moja. Anayesahau mambo mpe mswaki aushike mwenyewe, kisha funika mkono wake kwa mkono wako muende pamoja.

Wazee wengi waliokulia Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa huwa na meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji ya utotoni. Huo si uchafu, usiukwangue.

Meno bandia yaoshwe kila siku kwa brashi, sabuni ya maji na maji ya baridi, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno huyaparuza, maji ya moto huyapinda. Usiku yalale kwenye maji safi, si mdomoni wala mezani makavu. Kaakaa likiwa jekundu chini yake, au kukiwa na utando mweupe unaofutika, hiyo mara nyingi ni fangasi na ina dawa.

Kinywa kikavu mara nyingi huletwa na dawa, zikiwemo za kuongeza mkojo na amitriptyline (dawa ya sonona na maumivu ya neva). Mpe maji kidogo kidogo kama anameza salama, na umpake midomo mafuta. Soda, juisi na chai ya sukari inayonyweka siku nzima huozesha mizizi ya meno iliyoachwa wazi na ufizi, na huozesha haraka. Ndimu nayo iache, asidi yake humwasha na kula meno.

Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, jino linalotikisika (linaweza kuingia kwenye njia ya hewa), uvimbe wa shavu, au mzee aliyeacha kula ghafla: hayo ni ya daktari wa meno. Nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, na utaje mapema sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, kabla jino halijang'olewa.