Welding inapasuka siku ya pili? Angalia haidrojeni kwenye rodi zako

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mzee mmoja wa shamba huku Pemba aliniletea ndoano ya trela, ile ya kufungia nyuma ya trekta, imekatika, chuma kinene cha ekseli ya lori. Nikaichomelea Alhamisi jioni kwa rodi ya 7018, ile ya haidrojeni kidogo, mshono umelala vizuri mpaka mwenyewe nikaupiga picha. Ijumaa baada ya sala kaja kaichukua, kanilipa. Jumapili asubuhi huyo karudi, vipande viwili mkononi. "Mwanangu, hii uliichomelea au uliibandika kwa uji?"

Nikaitizama. Mshono mzima, haujaguswa. Palipokatika ni pembeni yake, milimita moja mbili tu, kwenye chuma chenyewe cha ekseli, na uso wake unametameta chembe chembe kama chumvi. Hiyo ndo kazi ya haidrojeni, na haidrojeni yenyewe niliitia mie, kwa rodi mbichi.

Inavyokwenda ni hivi. Ganda la rodi linavuta unyevu wa hewani, na masika huku skwambii, hata chumvi mezani inashikana donge. Ukiwasha moto yale maji yanavunjika, haidrojeni inazama kwenye chuma kilichoyeyuka. Chuma kikiwa maji kinabeba nyingi, kikiganda hakiiwezi tena, lakini yenyewe ni chembe ndogo mno kwahiyo inaendelea kutembea ndani ya chuma hata kikishapoa kabisa, taratibu, inakwenda kujikusanya pale palipokuwa pagumu na panavutwa. Ndo mana haipasuki mbele yako, inangoja masaa, saa nyengine siku mbili. Inataka vitu vitatu vikutane: haidrojeni, chuma kilichokuwa kigumu kwa kupoa haraka, na mvutano. Kwahiyo kama wewe kazi yako mageti na fremu za madirisha usijisumbue, chuma laini chembamba, endelea na rodi yako ya kawaida ya 6013. Maneno haya ni ya ekseli, springi, shafti, vyuma vinene.

Na si welding tu, hata ile chupa ya chai ya stili, katikati ya kuta zake mbili hamna hewa, na stili inatoa haidrojeni kidogo kidogo kuingia kwenye ule utupu, ndo mana huwekwa kidonge ndani cha kunyonya gesi. Wenye mitambo ya utupu mkubwa wakishatoa hewa na kuoka mtambo mpaka maji yaishe, gesi kubwa inayobakia kutoka kwenye stili ni hiyo hiyo. Kule Marekani mabomba ya utupu ya LIGO, maabara ya kunasa mawimbi ya graviti kutoka angani, yenye urefu wa kilomita 4, stili yake iliokwa kwanza juu ya digrii 400 ndo ikakunjwa bomba. Wao wanaoka stili, sie tunaoka rodi. Haya twende.

Hatua ya 1: ijue rodi yako. Chuma kigumu nunua 7018, na kama boksi limeandikwa H4 bora zaidi, maana yake haidrojeni haizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za chuma cha mshono. Ukipata zilizofungwa kwa vakyum chukua hizo, ila bonyeza paketi kabla hujalipa: iwe imekaza kama jiwe. Ikiwa laini inabonyea, hewa imeshaingia, mwambie akupe nyengine.

Hatua ya 2: oka. Hapa ndo watu wengi tunaharibu, na mie wa kwanza. Nilikuwa nikizianika juu ya bati, jua kali, siku nzima, kama karafuu kwenye jamvi. Sasa jua linakausha karafuu, siku nne tano imelia kavu, lakini halikaushi 7018! Maji yamejifunga ndani ya ganda lenyewe, yanataka digrii 260 mpaka 430, kwa masaa mawili, na masaa yanahesabiwa kuanzia joto likishafika, sio kuanzia ulipowasha. Oveni ya keki nyingi mwisho wake 250, haitoshi, tena mkeo atakufukuza. Mie nimetengeneza boksi la bati mara mbili, katikati sufi ya mawe, elementi mbili za oveni mbovu na kidhibiti joto cha umeme chenye waya wa kupimia. Ikishaoka shusha mpaka 120 uziache humo humo, utoe chache chache unazotumia. Ikikaa nje masaa manne ihesabu mbichi. Kuoka tena ni mara moja tu, baada ya hapo ifanye ya kuchomelea miguu ya meza. Na rodi ya 6011 usioke kabisa, ganda lake linataka unyevu wake, ukiikausha umeiua.

Kijana wangu wa gereji hakuamini, nikamwonyesha. Nunua glisarini duka la dawa, itie kwenye gilasi. Choma kipande kidogo cha chuma kwa rodi mbichi, kitumbukize kwenye maji baridi mara moja, kifute kikauke, kizamishe kwenye glisarini. Kaa uangalie. Vitapovu vidogo kama vichwa vya sindano vinaanza kuchomoza kwenye mshono, kimoja kimoja, vinapanda. Chuma kimepoa, hakina tundu, na bado kinatoa gesi. Kipande cha rodi iliyookwa huoni kitu, labda kimoja viwili. Tangu siku hiyo anaoka mwenyewe bila kuambiwa.

Hatua ya 3: safisha. Kutu inashika maji, grisi na rangi nazo zina haidrojeni yao, kwahiyo grainda mpaka chuma kiwe cheupe, sentimita mbili tatu kila upande. Usitoe kutu kwa maji ya betri, hasa kwenye springi na bolti ngumu. Asidi inakitia chuma haidrojeni hata bila moto. Mwingereza mmoja, Johnson, aliliandika hili 1875: chuma kilichokaa kwenye asidi kinakuwa mwepesi kukatika, ukikivunja ukakirowesha pale kilipovunjika kinatoa mapovu, na ukikiacha siku kadhaa kinarudi hali yake.

Hatua ya 4: pasha chuma. Ekseli nene mie naipeleka digrii 200 hivi. Kama huna kipimajoto cha bastola, dondosha tone la maji mbali na kiungo: likichemka palepale bado, likikimbia kimbia kama kwenye chuma cha chapati umefika. Usiishie kukausha umande tu, moto wa gesi wenyewe unatoa maji, utaona chuma kinatoka jasho mwanzoni.

Hatua ya 5: choma. Rodi kwenye positivu, moto mfupi, karibu uguse. Moto mrefu unavuta hewa ya nje na unyevu wake. Usiache chuma kipoe katikati ya kazi ukaenda kunywa chai.

Hatua ya 6: poza pole pole. Mie narudia moto mpaka 250 hivi, nashikilia masaa mawili haidrojeni itoke, halafu nazika kwenye chokaa kavu au jivu mpaka asubuhi. Jivu liwe kavu kweli. Na asije mtu akamwaga maji!

Hatua ya 7: ngoja siku mbili. Mteja atalalamika, mwache alalamike. Kisha paka mafuta ya taa kwenye mshono na pembeni zake, yaache robo saa yapenye, futa mpaka pakauke, halafu paka chokaa nyembamba. Kama upo ufa, mafuta yatarudi juu yachore mstari mweusi mweusi kwenye chokaa, mwembamba kama unywele. Ukiuona usipitishe rodi juu yake, utaufunika tu, ufa unabaki chini. Saga kwa grainda mpaka uishe wote, paka mafuta tena uhakikishe, ndo urudi hatua ya 2. Ndoano ya yule mzee niliirudia hivi bila kumtoza hata senti, na safari hii alipokuja Ijumaa nilimwambia bado, rudi Jumapili.