Somo: Kumkaba mfungaji hatari ni kazi ya watu watano

Timu ya mpira wa kikapu ikijua itakutana na mchezaji mwenye uwezo wa kufunga pointi 30, swali la kwanza chumbani huwa "nani atamkaba?" Mimi naona tuanzie kwingine. Mchezaji wa kiwango hicho hakabwi na mtu mmoja dakika 40. Jiulizeni hivi: tutamwachia nini? Kila ulinzi una tundu mahali. Timu iliyojipanga inachagua tundu lake yenyewe, isiyojipanga inachaguliwa na mpinzani.

Kabla ya hatua zenyewe, tupige hesabu ndogo. Tuchukue mfungaji anayeingiza mitupo huru (ile anayopewa baada ya faulo) kwa asilimia 80. Kila anapopewa miwili, mmempa wastani wa pointi 1.6. Akirusha ya pointi tatu na kuingiza asilimia 35, ni pointi 1.05. Akirusha ya pointi mbili kutoka masafa ya kati, mkono wa mkabaji ukiwa usoni, akaingiza asilimia 40, ni 0.8 tu. Kazi yetu yote ni kumsogeza kutoka kwenye 1.6 kuelekea kwenye 0.8. Ndiyo maana mtu aliyefunga 30 kwa mitupo 28 mmemkaba vizuri, na aliyefunga 24 kwa mitupo 12 amewamaliza, hata kama karatasi ya matokeo inaonyesha kinyume.

Hatua ya 1: Msomeni

Tazameni mechi zake mbili tatu, na kwa kila kikapu andikeni: alipokea mpira wapi, alikwenda mkono gani, alidunda mara ngapi, na alifanya nini alipozibwa upande anaoupenda. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Wafungaji wengi wana silaha moja kuu na silaha moja ya akiba. Mkiijua ya akiba, mnajua pa kumsubiri.

Mfano mzuri ni Utah Jazz dhidi ya James Harden wa Houston katika mchujo wa NBA, ligi ya Marekani, mwaka 2019. Harden anatumia mkono wa kushoto na hupenda kurudi hatua nyuma kuelekea kushoto, basi wakabaji wa Jazz wakawa wanasimama kwenye nyonga yake ya kushoto, karibu nyuma yake kabisa, wakimwachia njia ya kulia iliyokuwa na mrefu wao Rudy Gobert chini ya kikapu. Katika mechi ya tatu Harden alikosa mitupo yake 15 ya kwanza. Watu wengi wanaishia hapo wanaposimulia. Lakini Houston walishinda mechi ile, na mfululizo wote wakauchukua 4 kwa 1. Kumzima nyota na kushinda mechi ni mambo mawili tofauti, na mpango wenu lazima uyabebe yote mawili.

Hatua ya 2: Asipate mpira pale anapoupenda

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wa mazoezi. Akishika mpira mita 6 kutoka kwenye kikapu akiwa anakitazama, mmeshachelewa. Akiushika mita 9, amegeuza mgongo, na saa ya mashambulizi (inayohesabu muda wa kurusha) imebaki sekunde 12, mmeshapata nusu ya mnachokitaka.

Mkabaji wake aweke mkono mmoja na mguu mmoja kwenye njia ya pasi, kiganja kikiutazama mpira, kidevu kikiwa begani ili amwone yeye na mpira kwa pamoja. Akijaribu kukimbilia nyuma kuelekea kikapuni, mwenzetu wa upande wa mbali awe ameshasogea kuziba. Lakini haya yote ni bure kama mpiga pasi anaachwa atulie. Mchezaji asiye na presha mikononi ataona upenyo wowote ule. Kwa hiyo anayekaba mpira abane kweli kweli, ili pasi itoke juu, ya taratibu, yenye kuonekana.

Kuna nyakati mbili timu nyingi husahau. Ya kwanza ni mpito, yaani kutoka kushambulia kwenda kukaba: mtupo wetu ukiwa bado hewani, mtu mmoja apaze sauti kutaja namba ya mfungaji huyo, na aliye karibu naye amchukue hata kama si mtu wake. Wafungaji wakubwa hujikusanyia pointi nyingi kabla ulinzi haujakaa. Ya pili ni pale anapotoa pasi. Mkabaji anapumua, anasimama wima, na sekunde hiyo hiyo jamaa anakata na kurudishiwa mpira. Akitoa pasi, rukia upande ulikokwenda mpira, ili akikata apite nyuma yako.

Hatua ya 3: Miguu kwanza, mikono baadaye

Tuseme anatumia mkono wa kulia na tunataka aende kushoto. Usisimame katikati yake. Sogea hadi pua yako ielekee bega lake la kulia, mguu wako wa kushoto uwe mbele, wa kulia nyuma kidogo. Njia ya kulia imefungwa, ya kushoto iko wazi, nawe uko tayari kuteleza naye. Acha umbali wa mkono ulionyooka, punguza kama anarusha haraka. Akiinua mpira kurusha, nyanyua mkono wa kushoto, kwa sababu ndio ulio sawa na mkono wake wa kurushia na haukatizi mwili wake. Usiruke kabla miguu yake haijaacha sakafu. Hadaa ya bega na macho ndiyo inayowapa wafungaji hawa safari za mitupo huru, na hesabu ya 1.6 mmeshaiona.

Hatua ya 4: Skrini

Skrini ni pale mwenzake anaposimama kama ukuta kumzuia mkabaji. Amueni jambo moja na wote watano walijue. Kama anarusha vizuri kutoka mbali, mkabaji apite juu ya skrini (upande wa mrushaji), na mrefu wetu asubiri nyuma kidogo kuziba njia. Kama hupenda kuingia na mtupo wake ni dhaifu, piteni chini (upande wa kikapu). Kubadilishana watu kunafaa kama wakabaji wenu wanalingana kimo na kasi. La sivyo, atatafuta mrefu wenu mzito kila shambulizi. Anayekaba mtu wa skrini ndiye anayesema, tena mapema: "skrini kulia!" Ulinzi wa kimya haumkabi mtu yeyote.

Hatua ya 5: Kumkaba wawili

Mkimwendea wawili, watatu waliobaki wanakaba wanne. Hilo halikwepeki, hivyo chagueni mapema mtu wa kuachwa: yule mrushaji dhaifu, tena aliye mbali na mpira. Msaada usitoke kwa anayemkaba mrushaji wa kona ya upande ule ule wa mpira, maana pasi ile ni fupi na mtupo ule ni mzuri. Wanaomwendea wafike wakiwa na mikono juu, miguu yao ikifunga pengo katikati. Lengo ni atoe pasi ya juu na ndefu, ili wenzenu wapate muda wa kuzunguka. Anayejaribu kupokonya mpira pale kwa kawaida anaishia na faulo.

Hatua ya 6: Msimwonyeshe sura moja

Mchezaji mwenye akili akishausoma ulinzi mara tatu, ameumaliza. Detroit Pistons wa kocha Chuck Daly waliwatoa Chicago Bulls katika mchujo miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Joe Dumars alikuwa mkabaji mkuu wa Michael Jordan, nyota wa Bulls, lakini nguvu yao ilikuwa kubadilisha pembe na wakati wa kuleta mtu wa pili. Mwaka 1991 Bulls waliwafagia 4 kwa 0. Wakati huo Scottie Pippen na wengine walishakomaa, na tundu walilokuwa wakiachiwa halikuwa salama tena.

Katika fainali za NBA za 2019, mechi ya pili, Toronto Raptors walipoona Klay Thompson wa Golden State ameumia na kutoka, waliweka wanne katika zoni ya boksi (kila mmoja akilinda eneo lake) na Fred VanVleet akamfuata nyota wao Stephen Curry kila alikokwenda. Golden State walikaa zaidi ya dakika tano bila kikapu. Hata hivyo Andre Iguodala, aliyeachwa kwa makusudi, alifunga ya pointi tatu mwishoni na Golden State wakashinda 109 kwa 104. Mimi bado naamini Raptors walichagua sawasawa. Ubingwa waliuchukua wao.

Hatua ya 7: Mchosheni

Msimpe mtu wa kupumzikia mnaposhambulia. Mwenzetu anayekabwa naye apewe mpira, akimbizwe kwenye skrini. Nanyi badilishaneni wakabaji wawili au watatu, kila mmoja na faulo zake.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kocha. Timu yetu ni ya vijana wafupi, hakuna anayelingana naye. Tunaanzia wapi?*

Marahaba. Anzieni kwenye kubana mpiga pasi na mpito, maana hayo hayahitaji kimo. Kisha jaribuni boksi na mmoja, kama ile ya Raptors, mkampa mwenye pumzi nyingi amfuate akimtazama yeye tu, bila kujali mpira uko wapi. Kama wana warushaji wawili wazuri, boksi itawaumiza. Badilini iwe pembetatu, na wawili wawakabe hao.

*Vipi kama anacheza amegeuzia kikapu mgongo, mrefu na mzito?*

Pigana naye kabla hajakaa. Simama mbele yake, na mwenzako wa upande wa mbali asubiri pasi ya kuvuka juu. Akishapokea, mtu wa pili amwendee anapodunda mara ya kwanza, macho yakiwa chini. Mkimwendea mpira ukiwa bado hewani, atawaona na kutoa pasi kirahisi.

*Kocha, mapumziko yamefika na ana pointi 20. Tubadilishe kila kitu?*

Angalieni kwanza zimetoka wapi. Kama nyingi ni za mitupo huru, mpito na ribaundi za mashambulizi (mipira waliyoiokota baada ya mtupo wao kukosa), mpango ni mzima, utekelezaji ndio mbovu. Kama ni mitupo migumu yenye mkono usoni, vumilieni kwa muda. Ila msilale kwa sababu mnaongoza. Tarehe 22 Januari 2006 Kobe Bryant wa Lakers alikuwa na pointi 26 mapumziko, na Raptors walikuwa mbele 63 kwa 49. Alimaliza na 81.

*Mwalimu, wengine wanasema mpige kidogo mwanzoni aogope. Ni sahihi?*

Hapana. Mkabeni kwa kifua na miguu, mgusano halali upo wa kutosha. Kumwekea mguu chini anapotua baada ya kurusha ni faulo na huvunja vifundo vya watu. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, faulo tano zinakutoa, na kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, hata faulo ndogo ya kukaba inampeleka kwenye mitupo huru.

*Tuna mazoezi mawili tu kabla ya mechi. Tufanye lipi?*

La kwanza: mpeni mchezaji wenu bora jezi ya rangi tofauti, acheze kama yeye, na mfanye watatu kukaba wanne hadi mzunguko ukae mwilini. La pili: mpito, na aina moja tu ya kukabili skrini. Msiwajaze vichwa. Kabla hamjatoka, watajieni wazi mtu wa timu pinzani tuliyemwachia arushe, ili akifunga asilaumiwe mkabaji wake. Na akifunga mara mbili mfululizo, uamuzi wa kubadilisha utoke kwenye benchi, asiufanye mchezaji mmoja peke yake uwanjani.