Somo: Kupaka dhahabu kwenye kioo na fuwele ili mwanga ubadilike rangi

Wadau habari za jioni, salamu toka Raskazone. Vijana wa vyuo hapa Tanga wameniuliza sana hili, leo naliweka lote, someni taratibu.

Hatua ya 1. Ndani ya dhahabu au silva kuna elektroni huru kibao, mwanga ukizipatia zinacheza pamoja, na wimbi la mchezo huo linatembea usoni mwa chuma tu, ndo plasmoni. Ila ukimulika moja kwa moja toka hewani haikubali, plasmoni inaenda taratibu kuliko mwanga, ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea nje ya wakati wake. Ndo maana tunapitisha mwanga kwenye kioo kwanza, upungue kasi.

Hatua ya 2. Chukua prizimu (kipande cha kioo cha pembetatu), upande mmoja upakwe dhahabu unene wa nanomita 50 hivi (nanomita ni mita moja kugawa kwa bilioni). Hapa ndo pana kazi yenyewe, ikiwa nene sana mwanga haufiki upande wa pili, ikiwa nyembamba sana nishati inavuja kurudi kwenye kioo na plasmoni inakosa nguvu, na inapakwa ndani ya chemba ya vakyumu, sio kwa brashi. Wanafizikia Kretschmann na Raether walionyesha njia hii 1968.

Hatua ya 3. Mulika leza nyekundu ya nanomita 633 (huo ni urefu wa wimbi lake, ndo unaoamua rangi), zungusha prizimu polepole. Ukipita digrii 41 mwanga wote unarudi, halafu karibu na 44 unazima ghafla, hapo plasmoni imeuchukua. Usipoona, geuza polarizesheni (mwelekeo ambao wimbi la mwanga linatikisika) digrii 90.

Hatua ya 4, naipenda kuliko zote. Hapa ndo mwanga unabadilika rangi. Mwaka 1961 mwanafizikia Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipiga leza ya rubi, nanomita 694, kwenye fuwele ya kwatzi wakapata mwanga mpya wa 347, nusu kabisa, ila kidoti chake hafifu kwenye picha wachapishaji walidhani uchafu wakakifuta! Mwanga huo mpya unapanda kwa mraba wa nguvu ya mwanga unaoingia, kwa hiyo plasmoni ikikuza mwanga wa usoni mara 100, mpya unapanda mara 10,000. Mwaka 1974 kukuza huko kwa plasmoni kulionekana kwenye silva. Hapa tumia leza ya mapigo mafupi, ile ya hatua ya 3 haitoshi.

MASWALI

– Mwalimu, bora silva au dhahabu?
Silva inatoa plasmoni kali zaidi mdogo wangu, ila salfa ya hewani inaitia weusi, kifaa cha kukaa muda mrefu weka dhahabu.

– Kaka, bila fuwele chuma chenyewe hakiwezi kubadili rangi?
Kinaweza, ila usoni tu. Ndani atomi zimepangwa sawasawa pande zote, athari hiyo ya kubadili rangi inajifuta, usoni ndo mpangilio unakatika.

– Na zile tochi za leza ya kijani za Ngamiani?
Nyingi zina fuwele inayogeuza mwanga wa nanomita 1064 kuwa 532 ya kijani, plasmoni haimo. Ila za bei chee mara nyingi hazina kichujio, ile 1064 isiyoonekana inatoka nayo na inaunguza jicho kabla hujajua, watoto wasichezee kabisa jamani.