Nyumba ya Wazazi na Gharama za Kuwatunza: Yapangeni Mzee Akiwa Bado na Kauli

Kikao cha kwanza kifanyike wazazi wakiwepo, tena wakiwa na akili timamu za kusema hapana. Familia nyingi za Mwanza huanza kuzungumzia pesa kwenye korido za hospitali ya Bugando, mgonjwa yuko wodini na bili iko mkononi. Hapo hutoa aliye nacho siku hiyo, na baadaye hudai chake kwenye nyumba.

Kabla ya kikao, anayeishi na wazazi aandike daftari la mwezi mzima: dawa za presha, vipimo vya sukari, bajaji ya kliniki kwenda na kurudi, umeme, maji, mboga, sabuni, mshahara wa msaidizi. Tuseme jumla ni shilingi 360,000, na vyumba viwili vya uani vinaingiza 50,000 kila kimoja. Zinabaki 260,000 za kugawana kwa uwezo, si kwa vichwa: aliyeajiriwa Dar 120,000, mwenye duka Geita 80,000, mvuvi wa dagaa Igombe 60,000. Huyo wa mwisho msimpangie tarehe moja na wenye mshahara. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hulala ufukweni. Mwacheni alete siku za giza zikiisha, akiwa ameshavua. Na binti anayewageuza wazazi kitandani usiku asidaiwe hata senti. Kazi yake iandikwe daftarini kuwa ndiyo mchango wake, pamoja na siku yake ya kupumzika na jina la atakayeshika zamu hiyo. Bila hilo jina, mapumziko hayo hayapo.

Pesa ya dharura wekeni kando, kwenye akaunti inayotaka saini mbili, mmoja wa watia saini akiwa Mwanza.

Kama kuna mtoto mwenye bima ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), aulize kama nafasi zake za wategemezi zinaweza kuwachukua wazazi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Aanzie kwa mtendaji wa mtaa ili atambuliwe. Ila msifute mstari wa dawa daftarini kwa sababu hiyo. Dawa ikikosekana dirishani, mtainunua nje.

Sasa nyumba, maana ndiko undugu unakovunjikia. Toeni karatasi mezani: ni hati, leseni ya makazi, au barua ya mauziano tu? Likikutwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na mirathi yake haijafunguliwa, anzeni hapo, kwa sababu mzazi hawezi kugawa kisichokuwa chake kisheria.

Ugomvi mkubwa huletwa na mtoto anayejenga kwenye kiwanja cha wazazi. Kabla tofali la kwanza halijalala, iandikwe kama pesa yake ni zawadi, mkopo wa kurudishwa, au gharama ya kukaa bila kodi kwa miaka kadhaa. Aweke risiti za saruji na mabati. Baba na mama wote wasaini: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo makubaliano ya baba peke yake ni mguu mmoja.

Wosia wa kimila ulioandikwa na anayejua kusoma unataka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wanne. Anayerithi asiwe shahidi. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Nakala inaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Hati ya uwakili, inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba ya mzazi, inasaidia mzazi akiwa hai tu. Akifariki nayo imekwisha, na anayeendelea kutoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu anajitafutia kesi kwenye mirathi.

Mwisho, miguu. Kwa nyumba za juu kwenye mawe, kama Bugarika au Mabatini, mgonjwa hubebwa mgongoni hadi bajaji inapofika, na mvua ikinyesha ngazi za mawe huteleza. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha urefu wa sentimita 45 na bomba la kushikilia ukutani. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wenye urefu wa mita 1.8; ukiwa mfupi zaidi ya hapo, kiti cha magurudumu humshinda anayesukuma. Kama mlima wenyewe ndio tatizo, ni nafuu kuwapangia wazazi chumba kwenye eneo tambarare, Buhongwa kwa mfano, na nyumba ya juu ikapangishwa. Mkataba wa mpangaji uandikwe kwa jina la mzazi, na kodi iingie kwenye simu yake mwenyewe, si ya mtoto anayeikusanya.