Besi mbili hazikai zizi moja: jinsi ya kutumia EQ unapomiksi ngoma

Kuna kitu nakiona sana kwa madijei wanaoanza. Bit amezilinganisha vizuri, ngoma mbili zinaenda pamoja hazipishani hata kidogo, ila ukisimama mbele ya spika kubwa ni vurugu tupu, besi inanguruma tu huelewi ipi ya ngoma gani, sauti ya mwimbaji imemezwa. Na yeye anaanza kuhangaika na spidi akidhani bit zimeachana, kumbe shida iko kwenye zile nobu tatu (vitufe vya kuzungusha) za juu ya feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) ambazo hajazigusa tangu awashe mashine.

Zile nobu ndo ikwalaiza, wengi tunaiita EQ tu. Sikio la binadamu linasikia kuanzia kama hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) mpaka hezi 20,000, na mikisa nyingi, yaani mashine za kuchanganyia ngoma, zimegawa huo urefu wote mafungu matatu. Chini kuna besi, hapo ndo kiki (dramu kubwa ya mguu) inapopigia kifua na gitaa la besi linapokaa. Katikati kuna midi, waimbaji, piano, magitaa, snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), yaani karibu kila kitu kinachokufanya uutambue wimbo. Juu kuna trebo, haihati (matoazi mawili madogo ya dramu), sheka, matoazi, ile hewa hewa. Zipo mikisa zenye mafungu manne, kama Xone:92 ya Allen & Heath ambayo imeigawa midi mara mbili, ila akili ya kuzitumia ni ileile.

Nobu ikiangalia juu kabisa, kama mshale wa saa uko saa sita kamili, haiongezi wala haipunguzi, unasikia ngoma kama ilivyotoka studio. Sasa angalia kitu hiki maana kinasema mengi: kwenye mikisa ya Pioneer DJM-900NXS2 ukiisukuma nobu ya EQ mpaka mwisho kulia inaongeza desibeli 6, ukiirudisha mpaka mwisho kushoto inapunguza desibeli 26. Unaona uwiano ulivyo? Nafasi ya kukata ni kubwa mara nyingi kuliko ya kuongeza. Mi naamini kabisa hii nobu kazi yake ni kukata, na ukiona unaongeza ongeza ujue kuna kitu kingine hukukiweka sawa. Manake hizo desibeli 6 zinazoonekana kidogo zinafanya volti za mawimbi kwenye waya ziwe mara mbili, ukifanya hivyo kwenye besi ya ngoma ambayo tayari imebanwa na kupandishwa studio, taa zinawaka nyekundu na spika zinaanza kukoroma.

Na hicho kitu ambacho watu hawakiweki sawa mara nyingi ni gein, nobu inayopanga ukubwa wa sauti ya ngoma inapoingia kwenye mikisa. Kabla hujagusa EQ hakikisha nobu zote tatu ziko katikati, tafuta sehemu ya ngoma yenye kelele zaidi (usitumie intro, intro inadanganya), sikiliza kwenye hedifoni, panga gein mpaka taa za chaneli hiyo (njia ya ngoma moja kwenye mikisa) zicheze sawa na za chaneli inayosikika ukumbini. Ukiruka hatua hii EQ haitakusaidia, utakata besi ya ngoma inayoingia na bado itakuja kama imefukuzwa.

Haya tuje kwenye besi, hapa ndo penyewe.

Waswahili wanasema mafahari wawili hawakai zizi moja, na sijaona mahali usemi huu unapofaa kama kwenye miksi. Kiki mbili zikipiga pamoja kwa nguvu zote linatokea moja kati ya mambo mawili na yote mabaya. La kwanza zinajumlishana, ukumbi unatikisika kwa namna isiyopendeza na mikisa inaingia nyekundu. La pili, ambalo wengi hawalijui, zinakulana. Besi ni mawimbi yanayopanda na kushuka, wimbi la hezi 50 linachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja, kwaiyo ngoma moja ikichelewa milisekunde 10 tu, moja inapanda wakati nyingine inashuka, zinafutana. Milisekunde 10 sikio halishtuki kabisa, wewe unaona bit ziko sawa, lakini besi imeyeyuka na hujui imeenda wapi. Baada ya sekunde chache zinaachana tena kidogo besi inarudi, alafu inapotea. Ukishawahi kusikia miksi ambayo kiki inavimba na kunywea kama inapumua, ndo hiyo.

Kwaiyo kanuni yangu ni moja, kila wakati kuna besi ya ngoma moja tu inayotawala. Unafanya hivi. Ngoma ya kwanza inapiga, nobu zake zote katikati. Ngoma ya pili iko kwenye hedifoni, feda iko chini, besi yake umeikata mpaka mwisho kushoto. Unaianzisha mwanzoni mwa kipande, sio popote tu. Muziki mwingi wa kucheza unajengwa kwa bit 4 kwenye baa moja, alafu mambo yanabadilika kila baada ya baa 8 au 16, na kama ngoma ina spidi ya bit 120 kwa dakika basi baa moja ni sekunde 2 na baa 16 ni sekunde 32, huo ndo muda wako wa kufanya kazi. Panda na feda taratibu, watu wanaanza kusikia haihati na vinanda vya ngoma mpya bila kujua vimetoka wapi. Kipande kipya kikianza, pale pale kwenye bit ya kwanza, mkono mmoja unakata besi ya ngoma ya zamani na mkono mwingine unarudisha ya mpya katikati, kwa pamoja. Ukifanya vizuri ukumbi unasikia kama kiki imevaa nguo mpya, basi. Baada ya hapo ngoma ya zamani haina mguu tena, unaitoa polepole bila haraka.

Je ubadilishe ghafla au taratibu? Inategemea na ngoma. Haus yenye kiki nzito mi nabadilisha ghafla, ndani ya bit moja, maana ukienda taratibu ndo unapita kwenye lile eneo la kulana nililosema. Ngoma laini ambayo besi yake ni ndefu inayovutwa, hapo naweza kuzunguka kwa baa 4 hivi, moja inashuka nyingine inapanda, ila sikubali zote mbili ziwe juu ya nusu kwa pamoja.

Kuna muziki unahitaji uangalifu wa kipekee. Amapiano kwa mfano, ile logi dramu ni besi na melodi kwa wakati mmoja na sauti yake inapanda mpaka kwenye midi, kwaiyo ukikata besi peke yake bado utaisikia inagonga gonga kama mtu anayebisha hodi nje, inabidi ushushe na midi ya ngoma hiyo kidogo. Rege nayo besi ndo wimbo wenyewe, ukiikata kwa muda mrefu umeondoa mwimbaji mkuu jukwaani, badilisha haraka uendelee. Hip hop mara nyingi maneno yanaanza mapema na besi inatoka na kuingia, kule miksi ndefu zina faida ndogo.

Midi ndo sehemu ambayo ilinichukua muda mrefu kuielewa. Besi mbili zikigongana kila mtu anasikia, lakini midi mbili zikigongana watu wanachoka tu bila kujua wanachoka na nini. Sikio letu lina ukali zaidi kwenye hezi 2,000 mpaka 5,000 hivi, humo ndo kuna herufi za maneno ya mwimbaji na makali ya snea, ukirundika ngoma mbili humo ni kama watu wawili wanakusimulia habari mbili kwa wakati mmoja. La kwanza panga miksi yako waimbaji wawili wasikutane, hakuna nobu itakayokuokoa wakikutana. La pili, ngoma inayoingia ishushe midi mpaka mshale uangalie kushoto, alafu irudishe polepole wakati ya zamani unaishusha, hapa kwenda taratibu ni ruksa na ndo kunapendeza. Usiikate yote. Ngoma isiyo na midi inabaki ganda, unasikia kiki chini na mchakacho wa haihati juu, katikati shimo.

Trebo sina mengi. Haihati mbili zikipiga pamoja zinatoa mchemko unaochosha masikio, shusha moja kidogo tu, robo ya mzunguko inatosha. Na kama unapiga masaa mengi usiongeze trebo kadri usiku unavyokwenda, masikio yako ndo yamechoka, spika haijabadilika.

Ukishazoea kubadilisha besi utagundua EQ ni ala pia. Dijei Larry Levan pale klabu ya Paradise Garage, New York, kuanzia 1977 mpaka 1987, alikuwa anacheza na sauti za chini na za juu za mfumo mzima wakati ngoma inaendelea, anaondoa besi watu wanabaki wananing'inia, alafu anairudisha. Unaweza kufanya hivyo na nobu yako ya besi, ondoa kwa baa 2 au 4 za mwisho wa kipande, irudishe kwenye bit ya kwanza ya kipande kinachofuata. Ila usifanye kila wimbo! Mara tatu nne kwa usiku mzima inatosha, zaidi ya hapo watu wanazoea na haina nguvu tena.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa dogo sana. Nilitoa ngoma vizuri, besi yake nikaiacha imekatwa, dakika kumi baadae nikapandisha ngoma nyingine kwenye chaneli ileile, nikakata besi ya ile inayotoka, ukumbi mzima ukabaki bila besi kwa karibu nusu dakika mimi natafuta shida kwenye kebo. Niliona watu wanarudi kukaa. Tangu siku ile ngoma ikishatoka tu, kabla sijapakia nyingine, mkono unapita kwenye nobu zote tatu kuzirudisha katikati, imekuwa kama kufunga mlango nikitoka.

Kitu kingine, unapofanya mazoezi kwenye spika za laptop hutajifunza chochote kuhusu besi maana hazina uwezo wa kuitoa. Hata spika nzuri ukiisikiliza kwa sauti ya chini besi inajificha, watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hili tangu 1933, sikio linapoteza sauti za chini haraka zaidi kelele ikipungua. Tumia hedifoni zinazofunika sikio lote.

Zoezi lenyewe ni hili. Chukua ngoma mbili za spidi moja zisizo na mwimbaji, kila moja ifunge lupu ya baa 16 (kipande hicho kijirudie chenyewe), usiguse feda kabisa, zote ziwe juu. Kazi yako ni kuhamisha besi tu, kutoka hii kwenda ile, kila lupu ikianza upya. Fanya mara ishirini huku unarekodi, alafu sikiliza kesho yake. Ukisikia shimo pale unapobadilisha, umekata kabla ya kurudisha. Ukisikia uvimbe, umerudisha kabla ya kukata. Rekebisha mkono uliokosea, anza tena.