Damu ya filamu ya kutisha kwa kilo moja ya sukari

Night of the Living Dead ya George A. Romero (1968) ilitumia shira ya chokoleti mahali pa damu. Ilikuwa filamu ya nyeusi na nyeupe, hivyo weusi ulitosha. The Evil Dead ya Sam Raimi (1981) ni ya rangi; wao walichanganya shira ya mahindi, rangi ya chakula na krimu ya kahawa. Krimu ndiyo siri: bila kitu cha kuzuia mwanga usipenye, damu huonekana kama juisi ya rozela.

Kwa Dar, usihangaike na shira ya mahindi. Pika ya kaimati: sukari kilo moja, maji nusu lita, ndimu nusu ili isigande chenga. Ikishaanza kutokota, hesabu dakika kumi. Koroga kornflawa vijiko viwili vya chakula kwenye maji baridi robo kikombe, mimina taratibu, subiri dakika mbili, epua. Unga mkavu ukiutupa kwenye shira ya moto unafanya madonge, na kamera huyaona yote.

Ikipoa, tia rangi nyekundu ya unga, ileile ya ubuyu, nusu kijiko cha chai, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Kisha, badala ya krimu, kakao iliyochekechwa, vijiko viwili vya chakula. Mwisho tone moja la bluu, kuua upinki. Matatu yanaleta zambarau.

Paka kwenye kitambaa cheupe, uirekodi kwa kamera yako na taa yako yenyewe. Chini ya taa ya bluu ya "usiku" damu hii hugeuka lami. Hapo usitie tone la bluu, na punguza kakao.

Shida kubwa ni kukauka. Shati la Bruce Campbell, mwigizaji mkuu wa The Evil Dead, lilikakamaa mpaka likavunjika. Kijiko kimoja cha gliserini ya duka la dawa kwa kila kikombe huiacha mbichi muda mrefu zaidi.

Ya mdomoni itenge mapema. Ya nguoni ongeza sabuni ya maji kidogo, itoke kwenye kufua. Ngozi ipakwe mafuta ya mgando kwanza, la sivyo mwigizaji atapanda daladala na shingo nyekundu. Mitumba ya soko la Karume haina mapacha, kwa hiyo nunua Kariakoo fulana mpya tatu zinazofanana: kila kurudia tukio kunakula moja. Chupa ifungwe na ikae juu ya sahani yenye maji. Sisimizi wa Dar hawajui kwamba ni filamu.