Kumtambua popo Rhinolophus eloquens na kuandika alikopatikana

Kwanza vibali: cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) na cha NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi). Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, glavu za ngozi na barakoa ya N95. Barakoa usiibeze: visa vya homa ya virusi vya Marburg vya 1980 na 1987 vilihusishwa na pango la Kitum, Mlima Elgon, na popo wa matunda wanaobeba virusi hivyo hulala mapangoni.

1. Hakikisha ni Rhinolophus, jenasi ambayo eloquens ni spishi yake mojawapo. Pua imezungukwa na ngozi yenye umbo la kiatu cha farasi, juu yake imesimama ncha kama ya mkuki. Ukisita kati yake na Hipposideros, jenasi nyingine ya popo, tazama vidole vya mguu, gumba usilihesabu: Rhinolophus ana pingili tatu kila kidole, mwenzake mbili.

2. Katikati ya pua kuna kinyama kilichochomoza. Mulika tochi kutoka ubavuni, utazame kwa lenzi. Kikiwa na nywele, uko kwenye kundi la fumigatus: fumigatus, eloquens au hildebrandtii. Kikiwa kitupu, fikiria clivosus au landeri. Dume mzima wa landeri ana vishungi vya nywele ngumu kwapani. Rangi ya manyoya usiitegemee kabisa, kwani spishi moja huwa na wa kijivu na wa rangi ya kutu.

3. Pima kigasha kwa kalipa, bawa likiwa limekunjwa, kutoka kiwiko hadi kifundo, mara tatu. Eloquens wengi wako kati ya milimita 55 na 60. Hildebrandtii, mkubwa kuliko Rhinolophus wote wa Kenya, kwa kawaida hupita 60. Hapa ndipo wengi hukosea: hupima mtoto. Tandaza bawa mbele ya tochi. Mwanga ukipenya kwenye viungo vya vidole, mifupa haijakomaa, na kipimo hicho hakiamui spishi.

4. Wakikaribiana kwa vipimo, kata kipande cha milimita 3 cha utando wa bawa, ukiepuka mishipa, ukiweke kwenye ethanoli ili DNA yake ipimwe. Mwaka 2012 spishi nne mpya za kusini mwa Afrika zilitenganishwa na hildebrandtii. Vipimo pekee havitoshi.

5. Andika viwianishi papo hapo, kwa WGS84, mfumo wa marejeo unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za Kenya hutumia mfumo mwingine, Arc 1960, na kuzichanganya husogeza pango mamia ya mita. Baya zaidi ni kusahau alama ya kutoa, inayowekwa kwenye latitudo za kusini mwa ikweta. Kisumu na Nakuru ziko kusini mwa ikweta, Kakamega kaskazini. Isahau kwa Nakuru, na popo wako atahamia kilomita 65 hivi, upande wa Marigat. Eloquens alielezwa mwaka 1905 kutokana na popo wa Entebbe, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria, kwa hiyo rekodi ya Kisumu inaaminika haraka, hata ikiwa na kosa.